Njiwa wa Bustanini: Maumbile Yake na Tabia Zake



Somo letu la mara hii linamhusu ndege ambaye nyumba nyingi za Maskati, Dubai na Abu Dhabi zinamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Watu wakitoka kusali alfajiri, mlio wake huwa miongoni mwa ya mwanzo kusikika juu ya ukuta wa ua au katika makuti ya mtende. Wengi wetu tumeishi naye miaka ishirini na thelathini bila ya kumtazama vizuri. Kisha siku moja huja akajenga kiota chake juu ya mashine ya baridi iliyo nje ya dirisha la chumba cha kulala, na hapo nyumba nzima huanza kuulizana: tumtoe au tumwache? Mama analalamikia kinyesi. Baba anaihofia mashine yake. Watoto wanasema, msimguse, kuna mayai mawili.

Swali hilo ni dogo, lakini ndani yake mna uhai wa viumbe, tena mna watoto wanaotazama wazee wao wataamua nini. Na mtu asiyejua maumbile ya ndege huyu hawezi kulijibu ila kwa kubahatisha. Kwa hiyo tutaanza na ndege mwenyewe, kisha tutarudi dirishani.

Majina na alama zao

Kiswahili chetu kina utajiri wa majina katika jamii hii: njiwa, hua, tetere, pugi, ninga. Lakini jina moja huweza kumkusudia ndege huyu Unguja na ndege mwingine Mombasa, na wazee wakikutana barazani hubishana mpaka chai ikapoa. Waarabu nao husema hamam, na husema yamam, na mipaka baina ya maneno hayo mawili hubadilika kutoka mji hadi mji. Sisi hatutaingia katika ubishi huo. Tutamweleza kila mmoja kwa alama zake, na kila nyumba imwite kwa jina ililolirithi.

Wa kwanza, ambaye hapa tutamwita tetere, ndiye mdogo wao na ndiye aliyezoea watu zaidi. Urefu wake tangu ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia ni kiasi cha sentimita 25. Kichwa na kifua vyake vina rangi ya waridi, mgongo wake ni wa hudhurungi, na ubavuni mwa bawa mna rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Alama yake isiyopotea iko mbele ya shingo, chini ya koo: ukanda wa madoadoa meusi juu ya rangi ya shaba, kana kwamba amejifunga kileso. Akiruka, pembe za mkia wake huonyesha weupe. Mlio wake ni wa chini, pigo tano au sita zinazofuatana haraka, mfano wa mtu anayecheka na huku amefumba mdomo. Na watu wa lugha nyingi wamempa jina lenye maana hiyo ya kucheka. Huyu si mgeni kwetu hata kidogo. Anaenea Afrika yote iliyo kusini ya Sahara, Arabuni na Bara Hindi, na aliyekulia Dodoma au Nairobi atamtambua mara moja atakapomwona Ruwi. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alipomwandika mwaka 1766 alimnasibisha na nchi ya Senegali.

Wa pili ni hua mwenye kola. Ni mkubwa kidogo, kiasi cha sentimita 32, na rangi yake ni ya mchanga mkavu, imepauka mwili mzima. Nyuma ya shingo ana mstari mweusi wenye ukingo mweupe, usiokamilika kuwa duara. Mlio wake ni pigo tatu, la katikati ndilo refu na zito, naye hulirudia hilo kwa subira ambayo baadhi ya wanaolala mchana wa Ramadhani hawaipendi. Safari za ndege huyu ni za ajabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa hajulikani Ulaya isipokuwa katika nchi za Balkani. Kisha tangu kiasi cha miaka ya 1930 akaanza kusogea upande wa kaskazini-magharibi, na mwaka 1955 akaonekana amezaa Uingereza kwa mara ya kwanza. Leo yuko huko katika bustani za kila mkoa. Hakuna aliyemchukua. Alikwenda kwa mabawa yake, kila kizazi kikitua mbele kidogo ya kilichotangulia. Sisi tulio wana wa wasafiri pengine tunamwelewa kuliko wengine.

Wa tatu ni njiwa wa kawaida, yule wa misikitini na masokoni, ambaye pwani baadhi ya watu humwita njiwa manga. Asili yake ni majabali, na mpaka leo wako wanaoishi mwitu katika kuta za mabonde ya Oman. Ndiyo maana hapendi mti. Hupenda rafu, kishubaka na ukingo wa ghorofa, kwani jengo kwake ni jabali jingine. Wale wanaojaa katika viwanja vya Haramu ya Makka, ambao waliokwenda Umra na Hija wamewaona na wanajua kuwa hapo hawawindwi, ni wa jamii hii.

Na wako jamaa zetu walio London, Manchester na miji mingineyo ya Uingereza, ambao wakisoma habari hizi watasema kuwa njiwa wao ni mwingine. Kweli. Njiwa wa bustani za Uingereza ni njiwa wa mwituni, mkubwa kuliko wote hawa: sentimita 40 na zaidi, uzito wake nusu kilo au karibu na hapo, na mabawa yakikunjuliwa hufika sentimita 75. Ana baka jeupe kila upande wa shingo, ila makinda hawana baka hilo mpaka wakue. Na akiruka huonekana mstari mweupe mpana kukata bawa. Mlio wake ni pigo tano. Zamani alikuwa ndege wa misitu na mashamba, adui wa wakulima kwa kuwa hula majani ya kabichi na mbegu zilizopandwa; kisha akaingia mijini, na sasa jozi zinazozaa Uingereza zinahesabiwa kuwa milioni 5 au zaidi. Akitaka kumvutia jike, dume hupaa juu kwa mshazari, akagonga mabawa kwa kishindo kama mtu anayepiga makofi, kisha akateremka ametulia bila ya kupiga bawa. Mwanafunzi aliyetoka Oman akakisikia kishindo hicho asubuhi juu ya dirisha lake asishtuke.

Jinsi anavyokunywa

Wote hawa, pamoja na kutofautiana kwao, wana mambo yanayowakusanya, na hayo ndiyo yenye faida kubwa katika somo letu.

Mtazame kuku anywapo maji: huchota kidogo kwa mdomo, akainua kichwa mbinguni ili maji yateremke. Ndege wengi ndivyo wafanyavyo. Njiwa sivyo. Yeye hutumbukiza mdomo ndani ya maji na kunyonya mfululizo, kama ng'ombe mtoni, wala hainui kichwa mpaka ametosheka. Faida yake ni kwamba hakai kisimani muda mrefu, na pahala pa maji ndipo paka na kozi wanapomvizia. Waambieni watoto wamtazame kwenye bakuli. Ni jambo wanaloweza kulihakikisha wenyewe kwa macho yao.

Na maji kwake ni jambo la lazima kuliko kwa ndege mla wadudu, kwani chakula chake ni mbegu kavu: mbegu za majani, nafaka zilizomwagika, punje za mchele zinazokung'utwa kutoka kwenye busati la chakula. Tetere huokota pia mchwa na sisimizi, lakini mbegu ndiyo msingi. Hana meno, husagia chakula katika firigisi kwa msaada wa vijiwe anavyovimeza, na ndiyo sababu ya kumwona anadonoa kokoto njiani pasipo na chakula chochote. Kwa ajili ya ukavu huo huyafuata maji kila siku. Hapa kwetu utamkuta kwenye falaji, kwenye mabomba ya kumwagilia maua, na zaidi ya kote chini ya mpira wa mashine ya baridi unaotona matone. Hivyo mashine anayoililia baba imekuwa kisima cha ndege na kivuli chake pamoja, na si ajabu kwamba karibu nayo ndipo anapotaka kuzaa.

Manyoya yake nayo yana siri. Yameshikana na ngozi kwa wepesi. Kozi au paka akimkamata vibaya hubakiwa na kucha zilizojaa manyoya, na njiwa ameshakwenda. Tena hutoa unga mwembamba mweupe unaoyakinga na maji. Siku moja mtaona kwenye kioo cha dirisha picha kamili ya ndege aliyekunjua mabawa, kama iliyochorwa kwa chaki. Hiyo si alama ya kitu cha kuogofya, kama wasemavyo baadhi ya bibi zetu. Ni njiwa aliyeona mti ndani ya kioo akakigonga, na unga wake ukabaki. Pazia jepesi au karatasi zilizobandikwa upande wa nje wa kioo humzuia asirudie.

Kiota na mayai

Hakuna ndege ambaye ujenzi wake unachekwa kama huyu. Kiota chake ni vijiti ishirini au thelathini vilivyolazwa ovyo, na mara nyingine ukisimama chini yake unayaona mayai kwa kupitia katikati ya vijiti. Ni rahisi kusema ni mvivu. Lakini zingatieni. Dume ndiye anayekwenda na kurudi na kijiti kimoja kimoja mdomoni, naye humkabidhi jike aliyekaa pahala palipochaguliwa, jike akakipanga. Kazi hiyo huisha kwa siku chache tu. Ndege anayezaa mara tatu, nne na zaidi ya hizo kwa mwaka, na ambaye viota vyake vingi huvunjwa na kunguru, upepo au mikono ya watu, hana hesabu ya kukaa wiki tatu akijenga kasri. Akivunjiwa, huanza tena. Na katika joto la kwetu upepo unaopita katikati ya vijiti si hasara.

Mayai ni mawili, meupe, na ni nadra kuwa zaidi. Jike na dume huatamia kwa zamu, na kwa kuwa wanafanana, watu hudhani kuwa ni mama peke yake aliyekaa hapo mchana na usiku. Kwa kawaida jike ndiye anayelala juu ya mayai usiku kucha, na dume humpokea asubuhi jua likishapanda, akakaa mpaka alasiri. Mwenye subira akikaa dirishani saa ya kupokezana ataona mambo mazuri: mmoja hutua pembeni, huinamisha kichwa, na yule aliyekaa huondoka taratibu bila ya mayai kubaki wazi.

Saa hizo za dume ndizo saa za moto. Mnamo mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulio kusini-mashariki ya Maskati, ilipita siku nzima, mchana na usiku, joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6. Mwili wa njiwa wenyewe una joto la kiasi cha nyuzi 41 au 42. Hewa ikiwa na moto kuliko ndege, basi kuatamia hugeuka maana yake: hayuko pale kuyapasha mayai, yuko pale kuyakinga. Yai likiachwa juani katika saa kama hizo, kilichomo ndani hufa kwa muda mfupi sana. Njiwa ameruzukiwa uwezo wa kupoza mwili kwa kutoa maji kupitia ngozi yake, si kwa kuhema tu kama ndege wengine, na kwa uwezo huo hukaa juu ya mayai kama mwavuli wenye unyevu. Kwa hivyo mtoto anayemfukuza ndege kiotani saa saba mchana ili apate kuyaona mayai, hata kama hakuyagusa na hana nia mbaya, huenda ameyaua. Hili watoto waelezwe waziwazi. Kutazama kuwe asubuhi mapema, kwa mbali, ndege akiwa amekaa.

Mayai ya tetere huanguliwa baada ya siku 13 hadi 15. Ya hua mwenye kola, siku 14 hadi 18. Ya njiwa wa mwituni wa Uingereza, kiasi cha siku 17.

Maziwa ya njiwa

Wazee wanasema jambo lisilopatikana ni kama maziwa ya kuku. Ya kuku kweli hayapo. Ya njiwa yapo.

Siku chache kabla ya mayai kuanguliwa, ngozi ya ndani ya mfuko ulio chini ya koo, ule ambao njiwa huwekea chakula kabla hakijateremka kwenye firigisi, huanza kuwa nene. Kisha tabaka lake la juu hukatika vipande vidogo laini, vyeupe, mfano wa jibini iliyopondwa. Hicho ndicho chakula cha makinda siku za mwanzo, wala hawapewi kitu kingine. Kina utomvu wa kujenga mwili kwa wingi, yaani protini, kina mafuta, na sehemu yake kubwa ni maji, ambayo kinda wa jangwani anayahitaji kuliko yote. Hakina sukari ya maziwa kama iliyo katika maziwa ya ng'ombe. Kinda hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunyonya kutoka humo.

La ajabu zaidi ni kwamba dume hutoa maziwa hayo sawa na jike. Kinachoyaamrisha ni homoni iitwayo prolaktini, na hiyo ndiyo inayomwezesha mama wa kibinadamu kunyonyesha. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Oscar Riddle na wenzake waliitambua homoni hiyo na kuipa jina, na waliipimia katika mfuko huu wa njiwa. Katika ndege wote wa duniani, wanaolisha kwa namna inayokaribiana na hii ni wachache mno: heroe, na penguini mkubwa wa nchi za barafu.

Sasa faida zake zinafungamana. Ndege wengine wengi wa bustanini, hata wala mbegu, lazima wawatafutie makinda wao wadudu, kwa hiyo huzaa msimu wa wadudu tu. Njiwa hageuzi mbegu kuwa wadudu. Huzigeuza kuwa maziwa, na kwa hiyo aweza kuzaa karibu mwezi wowote maadamu mbegu na maji vipo. Na kwa kuwa maziwa hayo yana kiasi chake, mayai ni mawili, kila mmoja na kinda wake wa kumshibisha. Baada ya siku nne au tano mbegu zilizolainishwa huanza kuchanganywa, na kila siku maziwa hupungua na mbegu huzidi. Makinda wa tetere huondoka kiotani baada ya wiki mbili hivi. Wa hua mwenye kola hukaa siku 15 hadi 19. Wa njiwa wa mwituni hukawia, kiasi cha wiki nne hadi tano.

Kutokana na hayo tunajua pia madhara ya manati. Nyama ya njiwa ni halali na hatusemi vinginevyo. Lakini mtoto anayempiga kwa mchezo ndege aliyetoka kiotani hajui kama nyuma yake wamo makinda wa siku tatu, wanaotegemea maziwa ya wazazi wawili na joto la miili yao. Jiwe moja huenda likawa limeua watatu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba katika safari moja baadhi ya masahaba walichukua makinda wawili wa ndege mdogo, mama yao akawa anazunguka juu yao kwa mashaka, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha warudishwe kwake. Hao walikuwa wasafiri walio njiani na haja zao, si watu waliostarehe katika nyumba zenye bustani.

Maadui wake

Mkubwa wao katika miji ya Ghuba ni kunguru wa Kihindi, yule yule aliyepelekwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani yetu yote. Huyu hula mayai na makinda. Pamoja naye yuko maina, ndege wa hudhurungi mwenye mdomo na miguu ya manjano, aliyeletwa kutoka upande wa Bara Hindi na sasa amejaa katika bustani za Maskati. Na yuko paka. Mabaki ya chakula yanayomwagwa wazi nyuma ya nyumba huwaita kunguru na maina kwanza, njiwa baadaye. Kwa hiyo anayetaka kuwasaidia tetere asimwage wali uani, bali afunike taka zake na aweke maji.

Bakuli la maji liwe la kina kifupi, liwe kivulini, mbali na kichaka anachoweza kujificha paka, na maji yabadilishwe kila siku. Hili la kubadilisha si la usafi tu. Maji yaliyosimama wiki nzima huzalisha mbu.

Tumtoe au tumwache?

Turudi sasa kwenye dirisha letu. Hesabu imekwishajitengeneza: tangu yai la kwanza mpaka makinda wa tetere kuruka ni kiasi cha mwezi mmoja, wa hua ni mwezi na siku chache. Mkikuta mayai na hamjui yalitagwa lini, mngojee mwezi kwa wingi wake. Mkikuta makinda wameshaota manyoya, ni wiki au pungufu. Huo ndio muda unaogombaniwa nyumbani. Vijiti vichache juu ya mashine ya baridi havizuii kazi yake maadamu havikuziba upande wa feni wala mpira wa maji, na hilo baba anaweza kulitazama bila ya kugusa kiota. Kama fundi lazima aje, aje asubuhi mapema au baada ya jua kupoa, na kazi iwe fupi.

Walio Uingereza wajue kuwa kwao kuna sheria juu ya jambo hili: sheria ya wanyama na mashamba ya mwaka 1981 inakataza kuharibu kiota cha ndege wa mwitu kinachojengwa au kutumika, isipokuwa kwa ruhusa na masharti maalumu.

Kinyesi ni dai la haki, na mama asibezwe. Kinyesi kilichokauka hutoa vumbi lenye vijidudu linalodhuru mapafu, na hasa mwenye pumu asilisogelee. Kisifagiliwe kikavu. Kinyunyiziwe maji kwanza, kifutwe kwa karatasi au kitambaa cha kutupwa, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kisha mikono ioshwe kwa sabuni. Kipande cha boksi kilichowekwa chini ya kiota, kikabadilishwa kila baada ya siku mbili, humaliza nusu ya ugomvi.

Kinda akianguka, atazamwe kwanza. Akiwa hana manyoya au ana nywele za manjano tu, arudishwe kiotani kwa mkono ulio safi. Ile kauli kwamba mama atamkataa kwa sababu ya harufu ya mtu haina ukweli. Ndege hamwachi kinda wake kwa hilo. Akiwa ana manyoya kamili na anasimama, huyo yuko katika mafunzo ya kuruka, na wazazi wake wanamlisha hapo chini. Asogezwe tu juu ya kichaka, mbali na paka. Asipewe mkate, wala asitiliwe maji mdomoni kwani yataingia mapafuni. Na maziwa ya ng'ombe asipewe kabisa. Tumekwishaona kuwa maziwa yake si hayo, nayo humwua.

Asiyetaka viota dirishani ana njia iliyo nyepesi, nayo ni kutangulia. Azibe mwanya kwa wavu wa chuma kabla ndege hajaleta kijiti, au akiondoe kijiti cha kwanza siku ile ile, kabla ya mayai. Njiwa atapata mkunazi au mtende na hataathirika. Na kwa nyumba iliyongojea, nafasi huja makinda wanapoondoka. Lakini nafasi hiyo ni fupi. Jozi ile ile hupenda kurudi pale pale, na mara nyingine jike hutaga upya siku chache tu baada ya kiota kuwa kitupu, na dume bado anawalisha watoto wa kwanza uani. Basi pahala pasafishwe na wavu ufungwe wiki ile ile makinda waliporuka. Mkichelewa mpaka Ijumaa ya pili, huenda mkakuta mayai mawili mengine, na hesabu ya mwezi ikaanza upya.